Nyuki Wetu, Mikrobe Wao

Jumatatu, 13 Januari

Bado nasahihisha. Swali la mwisho la mtihani: linganisha nyuki wa asali na bakteria wa maziwa ya mgando. Nilidhani nimewapa sadaka. Mmoja kaandika: nyuki ana miguu sita, bakteria hana pa kwenda. Nusu alama. Mwingine: nyuki anauma akichokozwa, bakteria anauma bila sababu. Si kweli kwa bakteria wa maziwa, hajamuuma mtu tangu dunia iumbwe. Lakini nimecheka peke yangu mpaka Issa akachungulia mlangoni. Nusu kwake pia.

Issa hali, halali. Mtoto wa marehemu kaka yangu, nimemlea tangu ana meno ya utotoni, sasa ana ndevu, na mizinga ya baba yake kule mlimani Gihosha ndiyo kazi yake. Jumapili tunampelekea posa. Msichana ni Salma, wa Mama Salma muuza maziwa, mtaa wa nyuma hapa hapa Nyakabiga. Baba yake fundi magari kule Buyenzi, mtu wa maneno machache. Ameshasema: mambo yaishe kabla ya mwezi wa Ramadhani, la sivyo kuna binamu Uvira, ng'ambo ya mpaka, anayemuulizia. Salma anacheka kabla hujamaliza mzaha. Nampenda. Sijamwambia mtu.

Msemaji wetu ni kaka Ramadhani. Ndiyo maana naogopa.

Jumanne, 14 Januari

Kaka kaja kutoka dukani kwake, mikono bado ina grisi ya vipuri. Anataka nimwandikie hotuba. Eti mimi ndiye mwalimu.

Posa kwetu husemi "tunamtaka binti yenu". Ukisema hivyo umejivua nguo. Lazima uzunguke. Na wote wanazunguka na ndama yule yule: ndama wetu kapotea, tumefuata nyayo, nyayo zimeishia mlangoni kwenu. Nimemsikia ndama huyo tangu nikiwa mtoto nyuma ya pazia. Hajapatikana hadi leo. Nimechoka naye.

Nimemwambia kaka: tumwache ndama apumzike. Nyumba yetu ni ya asali, nyumba yao ni ya maziwa. Nyuki huku, bakteria kule. Viumbe wawili wasiofanana hata kidogo, kazi yao moja: wanachukua kitu cha kuharibika leo na kukifanya kikae. Kaka kaona ni elimu kubwa sana. Kafurahi. Nami nikafurahi, mjinga mimi.

Ijumaa, 17 Januari

Hotuba inaandikika yenyewe. Nyuki mmoja si kitu, bakteria mmoja si kitu, wakiwa kundi ni baraka. Nyuki ana macho matano, bakteria hana hata moja, na bado wote wanajua kazi yao gizani. Nyuki wana malkia. Bakteria hajui mama wala baba, anajigawa katikati na maisha yanaendelea. Hakuna posa, hakuna mahari, hakuna mama mkwe. Hii ya mama mkwe nimeikata kwa kalamu. Nimekata pia ile ya nyuki dume, kwamba akishampanda malkia anakufa hapo hapo. Kweli kisayansi, haifai kwa shughuli.

Halafu nimekumbuka kitu. Mama Salma ana mbegu ya maziwa aliyoachiwa na mama yake. Kila siku anabakiza kidogo, anachanganya na maziwa mapya, kesho yameganda, anabakiza tena. Haijakatika. Hampi mtu. Mwaka jana nilimwomba kidogo nifundishie. Alinipa kikombe kizima, kwa heshima zote. Aliyachemsha kwanza, mbegu ife.

Kwa hiyo anajua vizuri kuwa kuna kitu hai mle ndani. Nikajiambia: hotuba itamgusa.

Jumapili, 19 Januari

Imemgusa.

Niandike tu. Wanaume sebuleni, sisi nyuma ya pazia na sinia za sambusa. Kaka alianza vizuri. Nyuki: bidii, usafi, umoja. Wazee wanaitikia. Kisha akanyoosha mkono kwa wenyeji, sauti ya kuhutubia uwanja, akasema: na nyinyi, wakwe zetu watukufu, nyinyi ni bakteria.

Mzee mmoja akauliza bakteria ni nini. Hapo kaka angeweza kusema chachu, mbegu, baraka, lolote. Akasema: "Mikrobe."

Wiki nzima gari la afya limekuwa likipita na kipaza sauti, mvua imeingia vyooni, oga, nawa, chemsha, mikrobe zinaua, mikrobe. Kaka akaendelea. Mko wengi. Hamuonekani. Mnazaana haraka kuliko watu wote. Kila mnachogusa kinageuka. Kwenye karatasi kulikuwa na maelezo baada ya hapo, matamu. Hakuyafikia. Kaka havai miwani mbele ya watu, anasoma kinachomjia, na kilichomjia ni ile mistari niliyoikata. Akawaambia kuwa kwao hakuna mama mkwe. Akamaliza kwamba dume akishapanda tu, anakufa. Issa akadondosha kikombe.

Mama Salma alifunua pazia akaingia kwa wanaume. Sijawahi kuona mwanamke akifanya hivyo kwenye posa. Hakupaza sauti.

"Mama yangu alinyweshea hii mutaa yote maziwa, hakuna mutu alikufa. Leo munakuja kwangu, munakula sambusa yangu, munasema iko mikrobe?"

Dirisha lilikuwa wazi. Nje majirani wamejaa kama kawaida ya posa. Wote walisikia neno moja tu.

Baba yake Salma alisimama akasema tutaongea siku nyingine. Hakusema siku gani. Sambusa zilibaki. Nimeona aibu mpaka kwenye visigino.

Jumatatu, 20 Januari

Nimepita kioski cha Mama Salma nikienda shule. Ndoo zimejaa, benchi tupu. Mama Furaha, yule Mkongomani wa vitenge ambaye kila asubuhi anakunywa vikombe viwili akiwa amesimama, leo kasimama ng'ambo ya barabara anakunywa fanta. Saa hizo. Fanta.

Kaka Ramadhani anasema kosa ni langu, nimeandika maneno magumu. Ningemjibu ningetupa kiatu.

Issa kafua nguo ambazo hazikuwa chafu.

Jumatano, 22 Januari

Nina akili gani mimi?

Nilifikiri: watu wanaogopa wasichokiona. Wakikiona hawataogopa. Nikaomba mikroskopi ya shule, ile moja, nikaibeba kama yai mpaka kioskini. Mama Salma akanitazama, akaendelea kufuta kaunta. Hakunifukuza. Nikachukua tone la maziwa, nikakausha, nikapaka dawa ya rangi ili waonekane. Watu wakajaa. Nikafurahi kuona watu.

Wanaonekana vizuri kweli. Vishanga, viwili viwili, vingine mnyororo, wazuri kama mkufu. Lactococcus lactis. Nikasema hapo, tazameni, hana mwiba, hana meno, hana mkia.

Tatizo dawa ile ni ya buluu. Mama Furaha aliinama, akatazama, akanyanyuka taratibu.

"Nilizani ni maneno tu ya ile gari ya afya. Kumbe ni kweli, na iko buluu."

Nilisema rangi nimetia mimi. Nilisema mara nyingi. Walikuwa wameshaondoka.

Jumamosi, 25 Januari

Mtaani wanasema maziwa ya Mama Salma yana mikrobe ya buluu. Sokoni wanasema yamegeuka buluu yenyewe. Mwanafunzi wangu kutoka Kibenga, huko mwisho wa mji, kaniuliza kama ni kweli kuna ng'ombe wa buluu Nyakabiga.

Salma kaja kuchukua sinia zao nilizozibeba kwa kuchanganyikiwa siku ile. Macho yamevimba. Nikaanza kumwambia mpango wangu mpya, wa bango. Akanishika mkono.

"Shangazi, basi. Usisaidie tena."

Hakucheka. Hilo ndilo limeniuma. Kaniita shangazi, lakini hakucheka.

Jumatatu, 27 Januari

Nimekwenda kuomba radhi. Peke yangu, bila mikroskopi.

Mama Salma alinisikiliza mpaka mwisho huku akimwaga maziwa ya jana kwenye ndoo ya nguruwe. Kuna mtu wa Gihosha anayachukua. Maziwa ya mama yake yanakwenda kwa nguruwe, na yeye Mwislamu. Sikujua nitazame wapi.

Kisha akatoa hukumu. Kila siku nikitoka shule nitasimama kaunta niuze mimi. Kila atakayeuliza, nitamjibu mimi. Na kila kikombe nitakachouza, nitaanza kunywa mimi mbele ya mteja. Neno bakteria marufuku. Neno mikrobe marufuku. Kwa Kilatini pia marufuku, alishajua ningejaribu.

Nikauliza niwaite nini basi.

"Usiwaite. Wanafanya kazi, waache."

Jumatano, 29 Januari

Mimi, Madamu Zuhura, mwalimu wa biolojia, ndani ya aproni ya maua. Wanafunzi wangu wanapita makusudi.

Nimekunywa vikombe vingi kuliko ndama, nikijumlisha na yule aliyepotea. Wanaokuja si wateja, ni watazamaji. Wananunua kikombe, wananiangalia nikinywa cha kwanza, wanaacha chao. Mama Furaha anavuka barabara, hanunui, ananichunguza macho na ulimi.

"Kesho nitapita, nione kama ungali uko."

Ningali niko. Tumbo langu halijawahi kuwa na amani namna hii. Hakuna wa kumwambia.

Alhamisi, 30 Januari

Ramadhani mwezi inakaribia. Ramadhani kaka naye kasema ana dawa ya mambo haya. Sikupenda alivyosema.

Jumamosi, 1 Februari

Nimeumwa na nyuki shingoni na kwenye kidole. Nacheka na kidole kimevimba. Nijaribu kwa mpangilio.

Kaka aliamua kupeleka asali ya kuomba radhi. Si asali ya chupa, hapana. Kwetu zawadi ya radhi ni sega zima, na nta yake, vile limetoka mzingani. Sawa. Lakini asali huvunwa jua likiwa limetua, kwa moshi, na Issa. Kaka alikwenda Gihosha saa za mchana bila kumwambia Issa, na moshi kidogo wa karatasi, akakata masega, akayatia kwenye beseni, akafunika kwa kanga. Petroli hakuna, teksi hakuna. Akashuka kwa miguu na jua lile, beseni kichwani, asali inamchuruzika mgongoni, nusu ya nyuki wakiwa bado ndani ya kanga na nusu wakimfuata nyuma. Watu wa njiani wanasema alikuwa akitembea kwa heshima kabisa. Alidhani wanampisha kwa sababu ya kanzu.

Alifika kioskini akaweka beseni kaunta. Akafungua kinywa kuanza hotuba. Nyuki akamuuma mdomo wa chini.

Baada ya hapo sikuona vizuri. Watu walikimbia kila upande, benchi likapinduka. Kaka aliingia chini ya trela la fundi wa baiskeli. Mama Salma akanivuta ndani kwa aproni, Mama Furaha akaingia nyuma yetu bila kuulizwa, na Mama Salma akateremsha mlango wa bati. Giza. Joto la bati. Wanawake watatu, ndoo za maziwa, na nje mngurumo kama mashine ya kusaga.

Tulikaa. Jasho. Maji ya kunywa hakuna. Mama Furaha alitazama ndoo. Akatazama mlango. Nyuki akapita kwenye upenyo wa bati, Mama Salma akampiga kwa kandambili. Mama Furaha akachukua kikombe mwenyewe, akachota, akanywa chote, akafuta midomo, akachota tena.

Kisha Mama Salma, kwa upole ule ule wa siku ya posa:

"Madamu, niambie we mwenye umesoma. Mikrobe yangu na nyuki yenu, ni nani anafungiaka watu ndani?"

Nilijaribu kujizuia. Mama Furaha ndiye aliyeanza kucheka, maziwa yakamtoka puani. Tulicheka mpaka tukakaa sakafuni. Kila tulipotaka kunyamaza, tulimsikia kaka akiomba dua chini ya trela.

Issa alikuja na bomba la moshi la kutulizia nyuki. Tulimwangalia kwenye upenyo. Hakukimbia, hakupiga mkono hewani. Alikuwa bila glavu, nyuki wanamtembea mpaka kwenye kope, anavuta beseni taratibu huku akiwasemesha kama anavyowasemesha tangu mdogo. Alikwenda nalo mpaka mwisho wa mtaa, na kundi la nyuki likamfuata. Wawili watatu walimuuma, nikaona bega likishtuka. Hakuongeza mwendo.

Mama Salma alitazama muda mrefu. Akasema, si kwangu, kwa ndoo: huyu mutoto hana haraka.

Tulipofungua, aliuliza kaka yuko wapi. Tukamtoa. Mdomo ulikuwa umefika kidevuni. Hawezi kutamka. Mama Salma alimpaka maziwa ya mgando kwenye mdomo kwa kidole chake mwenyewe, akarudi nyuma akamwangalia kama anayepima nguo. Halafu akaniambia:

"Muje kesho. Kabla mudomo yake haijapona."

Jumapili, 2 Februari

Posa ya pili. Kaka alikaa mbele, kanzu safi, mdomo umefunikwa na leso. Alitoa karatasi mfukoni. Issa akaichukua taratibu kama anavyochukua sega, akaikunja, akaiweka chini ya sahani.

Hakuna aliyejua nani aseme. Wazee wanatazamana. Nyuma ya pazia sisi tumeshika sinia na pumzi. Mwishowe baba yake Salma, ambaye siku ile nyingine hakusema zaidi ya sentensi moja, alikohoa.

"Ile ndama yenu iko hapa. Muchukue."

Nimelia. Miaka yote hii, kumbe alikuwa Nyakabiga.

Salma alicheka kabla baba yake hajamaliza. Sambusa hazikubaki.

Jumatano, 5 Februari

Benchi la kioski limejaa. Kisa kimetembea mji mzima. Sasa wanakuja kuona kioski kilichozingirwa na nyuki, na wakiwa pale inabidi wanywe kitu. Mama Furaha anawasimulia, katika simulizi yake yeye ndiye aliyefunga mlango. Anawaambia mikrobe ya hapa haina kelele, na hairuki. Kikombe cha tatu kwa siku.

Nimerudisha aproni. Mama Salma kaifua kwanza mbele yangu. Sijui maana yake.

Nimempa yule mwanafunzi alama nzima. Yule wa nyuki anauma akichokozwa. Sehemu ya kwanza aliijua vizuri.

Jumamosi, 22 Februari

Nikahi. Mvua asubuhi, jua mchana. Kaka Ramadhani mdomo umepona, kaongea sana, hakuna aliyemsikiliza kwa sababu ya ngoma. Alhamdulillahi kwa ngoma. Issa alinibusu mkono mara mbili, ya kwanza alisahau kuwa kanibusu.

Jumatatu, 24 Februari

Wamehamia Gihosha, chini ya mizinga. Ni sawa. Ndicho tulichokuwa tunakitafuta kwa kelele zote zile.

Nyumba imenyamaza. Nimepika chai ya watu wawili. Nimesahihisha daftari mpaka zikaisha, nikatamani zingekuwa nyingi zaidi, jambo ambalo halijawahi kunitokea. Namkosa Issa. Nilijua nitamkosa, lakini nilidhani nitamkosa kwa akili.

Alasiri Mama Salma kapita. Hakukaa. Alikuwa na chupa ndogo ya jamu imefungwa kitambaa mdomoni. Akaiweka mezani juu ya vitabu vyangu.

"Hii sijachemusha."

Akaenda zake, kioski hakina mtu.

Nikachemsha lita moja ya maziwa, nikayaacha yapoe mpaka kidole kikubali, nikamimina ile mbegu, nikafunika kwa kile kitambaa chake. Nimeweka pembeni ya jiko, penye joto. Sijawaita jina.

Jumanne, 25 Februari

Yameganda. Nimebakiza kidogo.